Sura ya Saba: Fimbo Saba Kabla ya Magharibi

Kiembeni hakuna uwanja wa gofu. Kuna maduka ya vifaa vya ujenzi, shule, misikiti, makanisa, stendi ya matatu, na vijana wanaocheza kandanda kwenye kila kiwanja ambacho bado hakijajengwa nyumba. Mkaazi wa hapa akiupenda mchezo huu ana pa kwenda patatu. Pa karibu ni Nyali Golf and Country Club, klabu iliyoanzishwa mwaka 1956, ambayo tuktuk humfikisha kwa Links Road. Akivuka Daraja la Nyali na kuingia kisiwani, atafika Mombasa Golf Club ya mwaka 1911, yenye mashimo tisa juu ya majabali ya Mama Ngina, pale meli zinapoingia mlango wa Likoni kuelekea Kilindini. Na akishika njia ya Malindi, akaipita Mtwapa, atakuta Vipingo, penye uwanja ambao wanawake wa kulipwa kutoka duniani kote wamekuja kushindania Magical Kenya Ladies Open tangu Desemba 2019.

Nauli ya kwenda huko hulipika. Ada ya uwanja nayo, kwa mtu aliyejipanga, hulipika mara mojamoja. Kinachotushinda wengi wetu ni muda. Raundi ya mashimo 18 siku ya Jumamosi yenye watu wengi hula saa tano. Ongeza msongamano wa barabara ya Bamburi, ongeza kungoja zamu, ongeza kurudi, na siku imekwisha. Mwenye duka, mwalimu anayefundisha masomo ya ziada, mama mwenye watoto watatu, bawabu wa zamu ya usiku: hawa hawana siku nzima ya kutoa. Ndiyo maana gofu ya Pwani imebaki ya wastaafu, wakurugenzi na wageni wa hoteli, hata pale ambapo mlango wa klabu uko wazi kwa yeyote mwenye ada.

Sura hii inahusu vifaa na mwendo wa mchezo, nami nayachukulia mambo haya mawili kuwa jambo moja. Tunacheza polepole kwa sababu tumebeba vitu vingi mno na maswali mengi mno. Asiyekubaliana nami anisikilize kwanza kwenye hesabu.

Chukua watu wanne, kila mmoja wao mchezaji wa kawaida anayemaliza raundi kwa mikwaju 90. Jumla ni mikwaju 360. Kanuni za Gofu, toleo lililoanza kutumika mwaka 2019, zinapendekeza mkwaju upigwe ndani ya sekunde 40 tangu mchezaji awe na nafasi ya kupiga bila kizuizi. Wanne hawa wakitumia sekunde zote 40, kila mmoja akingoja mwenzake amalize ndipo aanze kufikiri, mikwaju peke yake inachukua sekunde 14,400. Hizo ni saa nne kamili, na bado hatujahesabu kutembea, kutafuta mpira, wala kusimama kwenye kibanda kununua soda. Sasa punguza sekunde kumi tu kwa kila mkwaju. Umeokoa sekunde 3,600, yaani saa nzima.

Saa hiyo nzima imejificha katika sekunde kumi kumi ambazo hakuna anayeziona. Ukimwambia mtu anacheza polepole atakasirika, kwa kuwa yeye mwenyewe hajihisi mzembe. Kila mara alipochelewa alichelewa kidogo. Akatazama fimbo mbili, akarudisha moja. Akatoa darubini ya kupimia umbali zamu yake ilipokwisha kufika. Akafanya mizunguko minne ya majaribio hewani. Akazunguka shimo kutazama mteremko kutoka pande zote nne, kama alivyomwona mtu kwenye televisheni.

Na hao wa televisheni si walimu wazuri wa jambo hili. Agosti 2019, kwenye mashindano ya Northern Trust nchini Marekani, Bryson DeChambeau alikaa zaidi ya dakika mbili juu ya mpira uliokuwa futi nane kutoka shimoni, kisha akakosa. Mwaka mmoja na nusu kabla yake, J.B. Holmes alichukua zaidi ya dakika nne kuamua mkwaju mmoja kwenye shimo la mwisho huko Torrey Pines, wenzake wawili wakiwa wamesimama wanamngoja. Hawa ni watu wanaogombania mamilioni ya dola. Tuseme wana sababu. Mfanyabiashara wa Mwembe Tayari anayegombania jagi na mwavuli kwenye mashindano ya klabu ana sababu gani?

Hata ulimwengu wa kulipwa umeanza kuchoka. Juni 2018, huko Austria, mashindano ya Shot Clock Masters yalichezwa na saa ikihesabu mbele ya macho ya watu: sekunde 40 kwa kila mkwaju, na 50 kwa anayetangulia kupiga. Mikko Korhonen wa Finland alishinda, na mchezo haukuharibika hata kidogo. Mwaka 2025 chama cha wanawake wa kulipwa cha Marekani, LPGA, kiliamua kwamba anayezidisha kati ya sekunde sita na 15 aongezewe mkwaju mmoja, na anayezidisha 16 au zaidi aongezewe miwili. Kabla yao, kwenye Masters ya 2013, mtoto wa miaka 14 kutoka China, Guan Tianlang, aliongezewa mkwaju kwa kuchelewa, akakubali bila ubishi, na akamaliza akiwa bora zaidi kati ya wachezaji wote wa ridhaa. Adabu ya mtoto yule ningependa kuiona kwa wakubwa wa Jumamosi.

Sasa nije kwenye mfuko.

Kanuni inaruhusu fimbo 14. Kikomo hicho kiliwekwa Marekani mwaka 1938, na Uingereza mwaka uliofuata, kwa sababu wachezaji wa miaka ya thelathini walikuwa wamezidisha. Wengine walimbebesha kedi zaidi ya fimbo 20. Kwa hiyo 14 ni kizuizi. Sisi tumeigeuza kuwa wajibu, na mtu mwenye fimbo tisa anaona haya kufungua mfuko wake mbele ya wenzake. Na asikilize habari hii: Chick Evans alishinda US Open ya mwaka 1916 akiwa na fimbo saba tu, zenye mipini ya mti. Alimaliza raundi nne kwa mikwaju 286, na rekodi hiyo ilikaa miaka 20 kabla ya kuvunjwa.

Nami hubeba saba. Mbao namba 3, ayoni 5, ayoni 7, ayoni 9, weji ya kukaribia, weji ya mchanga, na fimbo ya kusukumia mpira shimoni. Anayetaka kujua kwa nini hakuna draiva nitamjibu hivi punde. Kwanza tazama ayoni. Kwa mchezaji wa kawaida, tofauti ya umbali kati ya ayoni moja na inayofuata ni kama yadi kumi. Lakini mwambie mchezaji huyohuyo wa hendikapu 20 apige mipira kumi kwa ayoni 7 moja. Uliokwenda mbali zaidi na uliobaki nyuma zaidi itapishana kwa zaidi ya yadi 20, na pengine mmoja umekwenda kichakani. Anaposimama kuchagua kati ya 7 na 8 anachagua kitu ambacho mikono yake haiwezi kukitimiza. Sekunde zake 30 zimekwenda bure. Mwenye 7 na 9 pekee hana cha kujiuliza: umbali ukiwa katikati, atashika 7 chini kidogo ya mpini na kupiga kwa upole.

Uzito nao una maneno. Fimbo moja ni kati ya gramu 300 na 500. Kumi na nne pamoja na mfuko mkubwa wa mabega mapana, mipira, maji, mwavuli na viatu vya akiba huzidi kilo 12. Saba kwenye mfuko mwembamba wenye miguu miwili hubebwa begani na mtu yeyote mzima, na mtoto wa kidato cha pili pia. Ndani ya matatu ya Kiembeni mfuko mwembamba husimama katikati ya magoti yako. Ule mkubwa kondakta atakudai kiti chake, na ana haki.

Kuhusu draiva, nasema hivi nikijua nitaudhi watu. Draiva mpya ya kampuni kubwa huuzwa Marekani kwa takriban dola 600, ambazo ni zaidi ya shilingi 75,000 za Kenya kabla ya usafiri na ushuru. Kichwa chake kinaruhusiwa kufika sentimita za ujazo 460, na kimekaa hapohapo kwa zaidi ya miaka 20 kwa sababu kanuni haipandi tena. Matangazo huahidi yadi mpya kila Januari. R&A na USGA, vyombo viwili vinavyosimamia kanuni za mchezo duniani, walipowapima wachezaji wa ridhaa wa kiume nchini Uingereza mwaka hadi mwaka, walikuta wastani wa mkwaju wa draiva ulikuwa yadi 200 hivi mwaka 1996, na kama 216 mwaka 2019. Ni yadi 16 kwa miaka 23. Ndani ya miaka hiyo mtu aliyefuata matangazo alikwisha kununua draiva saba au nane. Na mbao namba 3, yenye uso uliolala zaidi na mpini mfupi zaidi, hunyanyua mpira kwa urahisi na kuuweka kwenye feawei. Mpira ulio kwenye feawei hautafutwi.

Desemba 2023 vyombo hivyohivyo vilitangaza kipimo kipya cha mpira ili kupunguza umbali wa wapigaji wakubwa, wakasema mchezaji wa kawaida atapoteza yadi tano au pungufu. Nilisikia malalamiko baa ya klabu kana kwamba mtu amekatwa mshahara. Yadi tano! Pwani yetu imekwisha kutunyang'anya zaidi ya hizo, na watu hawajui.

Hewa ya Nairobi ni nyepesi. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mpira huko huruka mbali zaidi kwa kiasi cha asilimia sita. Hapa tuko usawa wa bahari, hewa ni nzito na yenye unyevu. Fimbo inayofikisha mpira yadi 150 kule Muthaiga au Karen, hapa Nyali itaufikisha kama 141. Wageni wa Nairobi wanaoshuka wikendi hupiga pungufu shimo baada ya shimo, wakilaumu fimbo, wakilaumu mgongo, wakilaumu pilau ya jana. Kumbe wangeongeza fimbo moja tu na kuendelea.

Juu ya hewa kuna upepo, na hapa mtu wa Pwani ana elimu ambayo hakuna duka linaloiuza. Kusi ikishika kasi Juni hadi Agosti, mashimo ya Mombasa Golf Club yanayoelekea baharini hubadilika kabisa. Kaskazi ikiingia Desemba, shimo lililokuwa fupi linakuwa refu na refu linakuwa fupi. Umbali ulioandikwa kwenye jiwe haubadiliki, na darubini ya kupimia itakupa namba ileile Julai na Januari. Nilicheza pale siku moja ya kusi na kedi wa makamo, mtu aliyekulia kazi hiyo. Nilikuwa nimekwisha kushika ayoni 7.

"Mzee, hiyo haifiki," akasema, akitazama minazi badala ya bendera.

"Umbali si yadi 130, kaka?"

"Ni 130 ya Januari. Chukua 5, piga nusu, mpira uende chini. Lenga kushoto ya ile grini, upepo utaurudisha."

Ushauri wote ulichukua muda wa kuvuta pumzi mbili. Mpira ulikwenda chini, ukadunda mara tatu, ukaingia grini kutoka kushoto. Darubini ya bei ghali isingeniambia hata nusu ya hayo. Sizikatai darubini; kanuni inaziruhusu tangu 2019, isipokuwa klabu ikizipiga marufuku, na mtu akiipima njia wakati mwenzake anajiandaa hapotezi sekunde. Lakini kwa uwanja wa Pwani wenye kedi mzuri, fedha hizo mpe kedi.

Chumvi nayo. Adui mkubwa wa fimbo mjini Mombasa ni hewa ya bahari, na hakuna muuzaji atakayekueleza. Ayoni za chuma kilichofuliwa ambazo Limuru zingekaa miaka bila doa, hapa hushika kutu kwenye mifereji ya uso ndani ya msimu mmoja, na mifereji iliyojaa kutu haishiki mpira. Tunza hivi. Ukimaliza kucheza, sugua mifereji kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni, si maji ya kisima yenye chumvi. Kausha kwa kitambaa kikavu kabisa. Halafu pitisha tone la mafuta ya cherehani juu ya chuma, ukiacha mpini. Mipira ya mpini, pale mikono inaposhika, ioshe mara kwa mara, kwani jasho la Pwani huigeuza kuwa ngumu na yenye kuteleza. Mpini unaoteleza humfanya mtu akaze mikono, na mikono iliyokazwa huharibu mkwaju kuliko fimbo kuukuu. Kubadilisha mipini hugharimu sehemu ndogo sana ya bei ya seti mpya, na kwa watu wengi ndicho kifaa kipya pekee wanachohitaji. Usiache mfuko ndani ya buti ya gari juani Bamburi mchana kutwa. Joto lile hulegeza gundi inayoshika kichwa cha fimbo.

Seti kuukuu iliyotunzwa hivyo inatosha. Mipira iliyookotwa, ambayo vijana huiosha na kuiuza kwa bei nafuu, inatosha pia kwa anayeanza. Ila usichanganye aina tano kwenye raundi moja. Mpira wenye ganda gumu na ule wenye ganda laini la urethani huitikia tofauti karibu na shimo, na usipojua umebeba upi huwezi kujifunza chochote. Chagua aina moja ya bei unayoweza kuipoteza bila kuumia moyo. Mtu akipiga mpira wa shilingi 700 kwenye nyasi ndefu baada ya masika atautafuta kwa uchungu, na atatafuta mpaka kundi la nyuma lichoke.

Kanuni zimelifikiria hilo. Zamani ulipewa dakika tano za kutafuta mpira; tangu 2019 ni tatu, kisha umepotea. Ukishuku kwamba umekwenda pabaya, piga mpira wa akiba palepale kabla hujaondoka, usije ukarudi nyuma yadi 200 huku watu wamesimama. Bendera inaweza kubaki shimoni unaposukuma mpira, kwa hiyo hakuna haja ya kungoja mtu wa kuing'oa. Na katika mashindano ya kuhesabu mikwaju, kanuni sasa inahimiza aliye tayari apige, alimradi ni salama. Bado nakutana na wazee wanaomshikilia mtu aliye tayari ili aliye mbali zaidi na shimo, ambaye bado anafuta miwani, apige kwanza. Desturi hiyo ni ya heshima, lakini heshima kubwa zaidi ni kwa watu 40 walio nyuma yenu.

Mashindano mengi ya wikendi huchezwa kwa pointi za Stableford. Daktari Frank Stableford, Mwingereza aliyefanya jaribio lake la kwanza mwaka 1898 na kuufanya mtindo wake ujulikane huko Wallasey mwaka 1932, alituachia zawadi ambayo hatuitumii. Ukishindwa kabisa shimo moja, unapata sifuri, basi. Mpira wako uokote, uweke mfukoni, tembea. Mtu ambaye pointi za shimo zimekwisha kumponyoka na bado anahangaika ndani ya mchanga kwa mkwaju wa tisa anahesabu kitu kisichoandikwa popote.

Hata hivyo si haki kuwabebesha wachezaji lawama yote. Kamati zinazopanga mashindano zina sehemu yao, na huenda ndiyo kubwa zaidi. Shimo refu linaweza kubeba makundi mawili au matatu kwa wakati mmoja, yakifuatana kwa usalama. Shimo fupi la mkwaju mmoja kufika grini hubeba kundi moja tu: hadi wanne wote wamalize na kuondoka, walio nyuma hawawezi kupiga. Tuseme kundi la wanne linahitaji dakika 11 kumaliza shimo kama hilo, na msimamizi wa kianzio anaachia makundi kila baada ya dakika nane ili wadhamini wote wapate nafasi. Kundi la pili litangoja dakika tatu, la tatu sita, na la kumi litangoja dakika 27 kwenye shimo moja hata kama kila mtu uwanjani anacheza haraka. Hakuna bango la "cheza haraka" litakalofuta hesabu hiyo. Dawa yake ni kuachia makundi kwa nafasi ya dakika 11 na kukubali watu wachache, au walio kwenye grini kuwapungia mkono walio nyuma wapige, kisha wote wasogee. Klabu huona hasara ya ada za makundi machache. Haioni wachezaji ambao wamekata tamaa na hawaji tena.

Anayeumia zaidi kwa mwendo huu hapigi mpira. Kedi hulipwa kwa raundi, halipwi kwa saa. Wengi wa makedi wa Nyali hutoka mitaa ya jirani kama Kongowea na Maweni, na huwa wamefika klabuni alfajiri. Raundi ya asubuhi ikimalizika kwa saa nne, kedi anaweza kunywa chai, kula chapati, na kubeba mfuko wa pili mchana. Ikichukua saa tano na nusu, ya pili imepotea, na nusu ya mapato ya siku imekwenda nayo. Bwana mkubwa anayesimama dakika mbili juu ya kila mpira anachukua fedha kwenye mfuko wa mtu aliyesimama kando yake ameshika bendera. Nimewahi kulisema hili kwenye mkutano wa wachezaji na kukawa kimya. Nalisema tena hapa kwa maandishi, kwa sababu nadhani ndiyo sababu nzito kuliko zote. Wachezaji wengi wa kulipwa wa nchi hii walianza wakibeba mifuko. Mchezo una deni kwao.

Turudi kwa mkaazi wa Kiembeni. Mombasa jua huzama mapema mwaka mzima, kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano. Mtu akitoka kazini, akaswali alasiri, anaweza kusimama kwenye kianzio saa kumi na dakika chache. Ana kama saa mbili na robo za mwanga. Mashimo 18 hayawezekani. Mashimo tisa kwa fimbo saba, watu wawili au watatu kwenye kundi, yanawezekana kabisa, na atawahi magharibi. Hendikapu inakubali alama za mashimo tisa chini ya mfumo wa dunia ulioanza 2020, na R&A yenyewe iliona umuhimu wake ilipoanzisha mashindano ya mashimo tisa mwaka 2016 na kuyafanyia fainali Royal Troon, uwanja wa The Open ya mwaka huo. Hakuna anayeweza kusema tisa ni gofu ya watoto. Na Mombasa Golf Club, yenye umri wa zaidi ya miaka 110, ina mashimo tisa.

Esther Henseleit wa Ujerumani ameshinda mara mbili pale Vipingo, Desemba 2019 na Februari 2022. Aditi Ashok wa India alifuata mwaka 2023, kisha mwaka 2024 Shannon Tan akawa Mwasingapuri wa kwanza kushinda kwenye ligi ya wanawake ya Ulaya. Yote hayo yalitokea kwenye barabara yetu ya Malindi, mwendo wa matatu kutoka stendi ya Kiembeni, na wasichana wa Kiembeni hawakuwa na pa kujaribu walichokiona. Fimbo tatu na saa moja na nusu ya jioni zingetosha kuwaanzisha.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa manahodha na kamati za klabu za Pwani. Tengeni jioni mbili za katikati ya wiki, kuanzia saa kumi, kwa mashimo tisa, fimbo zisizozidi saba, makundi ya watu watatu, ada ya nusu. Waruhusuni makedi wacheze siku mojawapo bila malipo. Siku ya mashindano achieni makundi kwa dakika 11, na wekeni msimamizi kwenye shimo fupi la kwanza mwenye mamlaka ya kuongeza mkwaju kwa anayechelewesha wenzake, awe mgeni, mdhamini au mwenyekiti. Nawe msomaji mwenye fimbo 14, Jumamosi ijayo acha saba nyumbani, mwambie kedi wako achague zipi.